Mama wa Tanga, fleti ya London na nyuzi 40: dirisha lifungwe au lifunguliwe?

Kila joto kali likiingia Ulaya, sisi wa huku tunarudi kwenye ubishi ule ule wa dirisha. Waliokulia pwani wanakwambia we mtu unajifungiaje ndani na hili joto, fungua upepo upite. Redio za Kiingereza zinasema funga, vuta pazia, subiri usiku. Na kila upande ukiuuliza unakupa ushahidi, ati kwetu tulifanya hivi, ati jirani yangu alifanya vile. Sasa nina kisa kimoja cha nyumbani kwa dada yangu, Julai 2022, wiki ile Uingereza ilipofika nyuzi 40 kwa mara ya kwanza, na nilikifatilia kwa karibu kwa sababu kazi yangu ni matengenezo ya majengo, mambo ya hewa na hita na mabomba ndo ugali wangu, alafu kipimajoto kilikuwepo mkononi. Nakiandika chote maana pande zote mbili za ule ubishi zilikuwa na haki, ila sio kwa saa ile ile.

Tuanze na nyumba yenyewe. Ni fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya tano, London mashariki, jengo jipya jipya tu halijafika hata miaka kumi. Madirisha yote yako upande mmoja na yanatazama magharibi, hilo lishikeni maana ndo kisa chenyewe. Vioo ni vikubwa, vya tabaka mbili, sebuleni vinaanzia karibu na sakafu. Kuta nene zimejazwa sufi ndani. Jiko na sebule ni chumba kimoja. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, na unatokea kwenye korido ya jengo ambayo haina hata dirisha. Wakati wa baridi hii nyumba ni raha tupu, unawasha hita kidogo asubuhi na joto linakaa mpaka usiku, dada alikuwa anajisifia bili yake kwa kila mtu. Ni chupa ya chai ile. Na chupa ya chai haijui kwamba saivi ni Julai na we hutaki tena ikutunzie moto.

Watu waliokuwemo: dada, anafanya kea kwenye nyumba ya wazee, zamu za usiku, kwaiyo yeye kulala ni mchana. Shemeji anaendesha van ya mizigo. Mtoto wa miaka miwili. Na mama yetu, aliyekuja kutoka Tanga kula Idi Kubwa na wajukuu, Idi ilikuwa tarehe 9, akabaki. Mama yuko kwenye sabini na, ana presha ya siku nyingi, anameza vidonge viwili na kimoja ni kile cha kukojoza.

Hali ya hewa mnaikumbuka. Rekodi ya Uingereza kabla ya hapo ilikuwa nyuzi 38.7, Cambridge, Julai 2019. Idara ya hali ya hewa, Met Office, ikatoa tahadhari nyekundu ya joto kali, ya kwanza kabisa kwa Uingereza, kwa Jumatatu tarehe 18 na Jumanne tarehe 19. Jumatatu uwanja wa ndege wa Luton ukafungwa kwa muda, lami ya njia ya ndege imelegea. Daraja la Hammersmith minyororo yake ikafungwa foili isipate moto. Jumanne Coningsby kule Lincolnshire ikapimwa 40.3, na Heathrow, ambayo ndo London yetu, 40.2. Mama aliposikia watu wanavyohangaika kwenye TV alicheka. "Joto mimi? Mimi nimekunywa kaskazi tangu tumboni kwa mama yangu." Na kwa kweli nani angembishia, mtu aliyezaa watoto wake wote kwenye nyumba ya bati.

Ila hapo ndo pa kusimama kidogo, kwa sababu lile joto la Tanga analolijua mama na hili lililokuja London ni vitu viwili mbali mbali.

Tanga Februari, kaskazi imeiva, mchana unakuwa nyuzi 32, 33, usiku unashuka mpaka 25 hivi basi. Tofauti ya mchana na usiku ni ndogo. Unyevu ni mwingi, jasho linatoka halikauki, ndo maana unanata. Ngozi ya mtu iko kwenye nyuzi 35 hivi, sasa hewa ya nje ikiwa 32 yenye upepo, huo upepo siku zote ni baridi kuliko we mwenyewe, na unakusaidia kukausha jasho. Kwaiyo kule sheria ni moja tu, upepo upite. Nyumba za Kiswahili zimejengwa hivyo hivyo, mlango wa mbele, korido katikati, vyumba huku na huku, unatokea uani, ukifungua mbele na nyuma upepo wa bahari unapita kama hauna mwenyewe. Na jua la kule linakaa utosini, Tanga iko nyuzi 5 tu kusini ya ikweta, kwaiyo jua linapiga paa. Dirisha lina upenu wake, jua haliingii sana. Adui wa kule ni bati.

London Julai ni kinyume. Hewa inaweza kufika 38, 40, yaani imezidi ngozi, upepo wake unakupasha badala ya kukupoza. Hewa ni kavu. Usiku unashuka sana kuliko mchana, hata usiku ule mbaya uliovunja rekodi ulikuwa kwenye 26 hivi wakati mchana ulikuwa 40. Na jua halikai utosini hata siku moja, linazunguka pembeni, kuanzia saa nane mchana limeshageukia magharibi, linashuka taratiiibu na halizami mpaka saa tatu usiku. Muda wa saa saba nzima linapiga kioo, na jioni linakuja limelala kabisa, hakuna upenu wala baraza inayolizuia. Adui wa huku ni kioo.

Sasa Jumatatu. Mama aliamka kama kawaida yake alfajiri, na alfajiri ya London Julai ni saa tisa usiku, akaswali, akalala tena. Kuanzia saa tatu asubuhi akafungua madirisha yote, akayaacha hivyo siku nzima. Saa sita akabandika pilau. Pilau la mama halina haraka, nyama kwanza inachemshwa, vitunguu vinakaangwa mpaka vinakuwa vyeusi, wali unakauka kwa moto mdogo. Dada alirudi kazini saa mbili asubuhi, akampeleka mtoto kwa mlezi, akapitia dukani, akafua, akaingia kitandani saa sita na nusu. Ana mapazia mazito meusi kwa ajili ya kulala mchana, akayavuta. Shemeji naye alikuwa ameshahangaika tangu Jumamosi kutafuta AC, maduka yote yamekaushwa, akapata moja ya mkononi kwa mtu, ile ya magurudumu yenye bomba moja nene la kutolea joto, akalitoa bomba kwenye upenyo wa dirisha, akaiwasha sebuleni.

Kufika saa kumi na moja jioni sebule ilikuwa nyuzi 35. Nje ilikuwa 37 hivi. Chumbani kwa dada 34, na dada hajalala hata kwa muda wa saa mbili, na saa tatu usiku anatakiwa kazini awageuze wazee wa watu kitandani. Mama amekaa kwenye kochi hasemi. Shemeji akanipigia kwamba mama anasema kichwa chepesi, amesimama kwenda msalani akayumba.

Nilipofika nilikuta yuko sawa akilini, anajua siku, anajua nani ni nani, ngozi ina jasho. Hilo ndo la kwanza kuangalia jamani. Mtu akianza kuchanganya maneno, au ngozi ni ya moto kama amechomwa na homa, au degedege, au amezimia, hapo hakuna kusubiri, unapiga namba ya dharura, Uingereza ni 999. Mama hakuwa huko. Tukamlaza miguu juu, nguo nyepesi, kitambaa cha maji shingoni na kwapani, feni, maji ya kunywa kidogo kidogo. Maelekezo ya NHS, huduma ya afya ya Uingereza, ni kwamba mtu wa namna hii akipozwa anatakiwa awe na nafuu ndani ya dakika 30, asipopata unapiga simu. Alipata. Ndo akasema mwenyewe kwamba siku nzima amekunywa chai kikombe kimoja na maji nusu glasi, kwa sababu kile kidonge kinampeleka chooni na yeye hapendi kuingia ingia chooni kwa watu. Kwa watu! Kwa mwanawe wa kumzaa.

Hilo la vidonge ni zito kuliko linavyoonekana. Mzee kiu yake imepungua tayari, jasho lake limepungua, alafu ana dawa inayotoa maji mwilini. Hatoi dalili, ananyamaza tu. Dawa haziachwi kienyeji, dada alimuuliza mfamasia na jibu likawa aendelee kumeza, anywe maji kwa ratiba na sio kwa kiu, na akiona kizunguzungu tena aonane na daktari.

Usiku ule mimi nikazunguka nyumba na kipimajoto kujua moto unaingilia wapi. Nilikuta milango mitano, na mmoja tu ndo ule watu wanaougombania.

Mkubwa kuliko yote ni jua la kwenye kioo. Jua la jioni likipiga kioo wima linaleta kama wati 600 kwa kila mita moja ya mraba, na kioo cha kawaida cha tabaka mbili kinapitisha zaidi ya nusu. Sebule ya dada ina kama mita nne za kioo. Yaani ni kama hita ya umeme ya wati elfu moja na zaidi imewashwa sebuleni kuanzia saa nane mpaka saa mbili usiku, na vyumbani kuna nyingine ndogo. Na yale mapazia meusi ya dada, niliyagusa, moto. Pazia jeusi ndani ya kioo halizuii kitu cha maana, mwanga umeshaingia, pazia linaubadilisha kuwa joto na kulimwaga chumbani. Linakupa giza, joto lingi unalipata vile vile. Kivuli cha maana ni kile kinachokaa nje ya kioo, ndo maana Wahispania na Wataliano wana vibao vya mbao nje ya madirisha, na ndo maana nyumba za zamani za Unguja na Lamu zina luva. Waingereza wamejenga fleti za vioo bila hata kimoja.

Wa pili ni hewa ya nje, huo ndo wa ubishi. Asubuhi saa tatu nje ilikuwa baridi kuliko ndani, mama alikuwa sahihi kufungua. Kuanzia karibu na saa tano nje ikapita ndani, na kuanzia hapo kila upepo ulioingia ulikuwa unaongeza moto. Madirisha hayakubadilika, saa ndo ilibadilika.

Wa tatu wengi hawaufikirii kabisa, ni korido. Jengo lina boila moja kubwa chini na maji ya moto yanapandishwa kwa mabomba mpaka kila fleti, saa 24, Julai na Januari. Mabomba yanapita darini kwenye korido na mengine hayajavishwa vizuri. Nilipima korido saa tano usiku, nyuzi 33, wakati hakuna jua, hakuna mtu, hakuna kitu. Joto la bure linalolipiwa na wapangaji. Nimeona majengo mengi ya hivi, na hii kitu inanikera kuliko jua lenyewe kwa sababu jua ni la Mungu lakini bomba lisilovishwa kuna mtu alisaini kwamba kazi imekamilika.

Wa nne ni ile AC. Zile za bomba moja zinavuta hewa ya chumbani, zinaipasha, zinaitupa nje. Sawa, lakini hewa iliyotupwa lazima nyingine iingie mahali pake, na itaingia wapi? Kwenye upenyo wa dirisha lile lile lililotolewa bomba, na chini ya mlango kutoka korido. Kwaiyo shemeji alikuwa anapoza mita mbili mbele ya mashine na huku ananyonya hewa ya nyuzi 37 na ya korido nyumba nzima. Zinaweza kusaidia, ila uzibe dirisha lote pembeni ya bomba, ukae kwenye chumba kimoja kidogo, mlango umefungwa. Kuiweka sebule iliyo wazi na madirisha wazi ni kuchangia kampuni ya umeme.

Wa tano pilau. Sina la kusema zaidi, lilikuwa tamu.

Jumanne ikabadilishwa hivi, na mengi yalianza usiku wa Jumatatu. Karibu na saa tatu na nusu usiku nje ikashuka chini ya ndani, hapo tukafungua kila kitu. Shida ni kwamba madirisha yana kizuizi, yanafunguka kama sentimita 10 tu. Kuna ufunguo wa kukiondoa, ila kuna mtoto wa miaka miwili na ni ghorofa ya tano, hicho kizuizi hakiguswi, joto au lisiwe joto. Na upepo haupiti kwa sababu upande wa pili wa nyumba ni korido. Wengine wangeegesha mlango wa korido uwe wazi, hapana, ule ni mlango wa moto, unatakiwa ujifunge wenyewe, na hata hivyo nyuma yake kuna nyuzi 33. Tukafanya hivi: feni kubwa ikawekwa dirishani sebuleni ikiangalia nje, inasukuma hewa ya moto itoke, milango ya ndani yote wazi, madirisha ya vyumbani wazi ili hewa ya usiku iingilie huko. Taulo lililokunjwa likawekwa kuziba chini ya mlango wa korido. Watu wanapenda feni iwaangalie wao usoni, naelewa, lakini usiku feni moja ikitazama nje inafanya kazi ambayo upepo wa bahari unafanya kule nyumbani. Alfajiri ndani ilikuwa 27. Sio baridi, lakini kutoka 35 ni nafuu kubwa.

Mama alipoamka saa tisa kuswali ndo akapika. Hili wazo lilikuwa lake, sio langu. "Mwanangu, kama tatizo ni moto si nipike saa hizi madirisha yakiwa wazi." Saa kumi na moja alfajiri chakula cha siku nzima kiko tayari, wali, maharage ya nazi, kachumbari ikakatwa mchana. Jiko halikuwashwa tena hata kwa chai, chai ikawekwa kwenye chupa.

Kwenye vioo tulitumia tulichokuwa nacho. Nje huwezi kuning'iniza kitu, mkataba wa nyumba unakataza na dirisha lenyewe halifunguki vya kutosha kupitisha mkono na kanga. Kwaiyo tukakata maboksi, tukayavisha foili ya jikoni, upande unaong'aa unatazama nje, tukayasimamisha kati ya kioo na pazia, na palipopungua tukatundika shuka jeupe. Ya ndani haiwezi kushinda ya nje lakini kitu kinachong'aa kinarudisha sehemu ya mwanga kabla haujawa joto. Acheni nafasi kidogo msibane kabisa kwenye kioo, kioo cha tabaka mbili kikipata moto usiolingana kinaweza kupasuka, na mwenye nyumba atakutumia bili. Sebule ikawa pango, mtoto akafurahi akasema ni usiku.

Madirisha yakafungwa saa nne asubuhi, nje ilipoanza kuikaribia ndani. Mama hakupenda, alisema tutakosa hewa. Nikaweka kipimajoto kimoja dirishani nje na kingine mezani, nikamwambia mama angalia mwenyewe, hii namba ya nje ikiwa ndogo kuliko ya ndani fungua, ikiwa kubwa funga. Mchana kutwa alikuwa anakwenda kuangalia kama mtu anayesubiri chungu kichemke, na saa nane alikuja kuniambia kwenye simu, "Nje thelathini na nane, ndani ishirini na tisa. Haya, nimenyamaza."

Dada ratiba yake ikageuzwa. Fleti ya magharibi asubuhi ndo iko kwenye hali yake nzuri, jua bado halijafika. Kwaiyo hakupitia popote, saa mbili kaingia, kaoga maji ya uvuguvugu, saa tatu kalala, shemeji alikuwa amebadilishana siku akashughulika na mtoto. Akalala mpaka saa nane. Kwa watu wa zamu za usiku hii inabeba kila kitu, kufua na duka vinaweza kusubiri jua lizame lakini usingizi hauwezi. Kama fleti yako inatazama mashariki ugeuze, asubuhi ni mbaya, mchana ni afadhali.

Alafu feni. Kuna mkanganyiko hapa kwa sababu matangazo yanasema feni haisaidii joto likizidi, Uingereza walikuwa wanasema 35, Shirika la Afya Duniani linasema usitumie likipita 40. Watu wakasikia nje ni 40 wakazima feni ndani ya chumba chenye 30! Namba hiyo ni ya hewa inayopita kwenye mwili wako, ya chumba ulichokaa, sio ya kwenye TV. Chumba kiko 30, washa feni kwa amani.

Na hapa ndo mama alitufunza. Alichukua kanga, akailowesha, akaikamua, akajitupia mabegani mbele ya feni, miguu kwenye beseni la maji. Kule Tanga anafanya hivyo hivyo na inamsaidia kiasi, maana hewa imeshashiba maji. Hewa ya London siku ile ilikuwa kavu, kanga ilikuwa inakauka haraka, na kukauka ndo kupoza kwenyewe, maji yakiondoka yanaondoka na joto la ngozi. Kwa mzee ambaye jasho lake ni dogo, kanga ya maji ni jasho la kuazima. Hii mbinu inafanya kazi vizuri London kuliko huko ilikozaliwa. Tulipunguza vitu vingine vya maji ambavyo havina maana, mfano kuning'iniza mashuka ya maji chumba kizima kilichofungwa, unyevu unapanda na baada ya muda umejitengenezea Tanga ndani ya chupa. Maji yawe mwilini.

Maji ya kunywa tukayawekea saa za swala na katikati yake, mama hakubisha tena, na dada akamwambia choo ni chako.

Saa kumi na moja jioni Jumanne, nje ikiwa imetoka kupiga 40, sebule ilikuwa 31. Jumatatu nje ilikuwa chini ya hapo na ndani 35. AC ya shemeji ilikuwa imezimwa sebuleni, tulikuwa tumeihamishia chumba cha mtoto, dirisha limezibwa kwa boksi pembeni ya bomba, na hapo kweli ilifanya kazi, mtoto na bibi yake walilala humo alasiri. Usiku hali ya hewa ikavunjika, Jumatano ilikuwa siku ya kawaida ya Kiingereza na mama akavaa sweta.

31 bado ni nyingi kwa mtu mwenye presha, tusidanganyane. Kama isingekuwa kile chumba chenye AC ningempeleka mama mahali penye ubaridi kwa saa mbili tatu za alasiri, maktaba, msikiti wenye AC, hata supamaketi kwenye upande wa mafriji. Mwili ukipata mapumziko ya saa chache unahimili zaidi.

Na ni ndani ya nyumba ndo watu wanakufa. Kanada mwaka mmoja kabla, joto la Juni 2021 jimbo la British Columbia, ofisi ya kuchunguza vifo ilihesabu watu 619, na 98 kwa kila mia walikufa ndani, wengi wazee, zaidi ya nusu wakiishi peke yao. England majira yale ya 2022, ukijumlisha vipindi vyote vya joto, vifo vilizidi kawaida kwa karibu 3,000. Sio watu walioanguka barabarani. Ni mtu amekaa kwenye kochi hasemi. Mama yetu bahati yake nyumba ilikuwa na watu.

Kilichobaki bila kutatuliwa ni korido. Dada aliwaandikia wasimamizi wa jengo, na vipimo vyangu vya saa tano usiku, wakajibu kwamba mfumo unafanya kazi kama ulivyokusudiwa. Mi naamini kabisa, umekusudiwa hivyo. Akarudia pamoja na majirani wa ghorofa ile, ndo mabomba yakavishwa, baadhi. Kuna kanuni mpya ya ujenzi England kuhusu nyumba kupata joto kupita kiasi, inaitwa Part O, ilianza Juni 2022, yaani mwezi mmoja tu kabla ya zile nyuzi 40, inawalazimisha wajenzi wafikirie ukubwa wa vioo na vivuli. Lakini ni kwa majengo mapya. Walio kwenye fleti zilizotangulia wana boksi na foili.

Mama alirudi Tanga Agosti. Februari iliyofuata akanipigia, kaskazi imeiva, anataka kufunga madirisha mchana kama London na amewaambia majirani. Nikamwambia hapana mama, huko weka kipimajoto kile kile uone, nje na ndani karibu sawa, na chumba chini ya bati kinazidi nje, ukifunga unajipika. Huko tupambane na paa. Tukatuma hela, fundi akapaka bati rangi nyeupe, akaweka dari, na akaacha matundu yenye wavu pande mbili za kenchi ili joto la juu ya dari litoke. Anasema chumba chake saivi kinalalika hata mchana, ila rangi inachafuka na vumbi kwaiyo kabla ya kaskazi kijana anapanda kuosha.